Kasuku Sita na Chetezo cha Bwana Uweso

Bwana Uweso alipostaafu ukarani wa bandari, sisi majirani zake wa Nguvumali tulijua tumepata taabu. Mtu aliyegonga mihuri miaka thelathini na miwili hawezi kukaa bure, lazima atafute kitu cha kukisimamia. Kwanza alisimamia takataka za mtaa, akagombana na kila mwenye ndoo. Kisha akataka kusimamia viatu msikitini, imamu akamwomba kwa adabu akapumzike. Mwisho alikwenda Dar es Salaam kumtembelea mwanawe, akarudi na tundu la waya kubwa kama kabati la vyombo, na ndani yake kasuku wadogo sita.

Nawaita kasuku kwa sababu ndivyo alivyotaka tuwaite. Mimi nilipowaona kwa mbali nilidhani ni vifaranga waliochovywa rangi, kama wale wa mnadani. Hawazidi kiganja cha mkono. Wawili kijani, wawili buluu, mmoja njano mtupu, na mmoja mweupe mwenye madoa shingoni. Akawapa vyeo ambavyo yeye mwenyewe hakuvipata maisha yake yote: Mkurugenzi, Meneja, Mhasibu, Katibu na Mwenyekiti. Yule mweupe alisema ni jike, akamwita Bi Mkubwa. Mastura, mkewe, ambaye ndiye bi mkubwa wa nyumba ile tangu enzi hizo, hakusema kitu. Mastura huwa hasemi kitu, na watu humsifu kwa hilo.

Haki yake nimpe, aliwatunza. Ulezi na mtama alivipepeta mwenyewe kwenye ungo, yeye ambaye hajawahi kupepeta mchele wa kula. Maji aliyabadilisha asubuhi na jioni. Alikata matawi ya mpera ya unene tofauti ili miguu ya ndege isife ganzi, na alikwenda hadi Kigombe kuokota mifupa ya dome, yule ndugu wa ngisi, ufukweni, ile myeupe myepesi, akaifunga kwenye waya wanoe midomo na wapate chokaa. Jua likishuka alifunika tundu kwa kanga. Mastura alikuwa na kanga mbili za kutokea. Tangu siku hiyo akawa na moja.

Ila Bwana Uweso ana ugonjwa mmoja ambao hauna kidonge: anaamini dunia nzima inamwonea kijicho. Akinunua kiti, amehusudiwa. Akipata mafua, amehusudiwa. Sasa fikiria mtu huyo amepata kasuku sita wa rangi. Aliandika kibao kwa herufi kubwa, akakitundika barazani juu ya tundu: SEMA MASHAALLAH KABLA YA KUTAZAMA. Chini yake akaongeza: Kwa amri ya mwenye nyumba.

Na mimi nina ugonjwa wangu, ambao ni ulimi. Naitwa Hasina. Nyumba yangu na yake zinashiriki ukuta. Mume wangu ametangulia mbele ya haki, na kinachonilisha ni cherehani na maharusi: magauni, mashela, na sare za akina mama wa kusindikiza. Alasiri moja Mastura aliniita niwaone wageni wao. Nilipofika, Bwana Uweso alininyooshea kidole kwenye kibao.

"Soma kwanza, Bi Hasina."

Nikasoma. Lakini sikusema. Mashaallah naisema kila siku, ila kwa kupenda, si kwa amri ya kibao. Nikawatazama wale ndege walivyojipanga tawini kama baraza la madiwani, likanitoka lililonijia.

"Yakhe, wamenona hawa! Ila hata ukiwatunga wote sita, mshikaki mmoja haujai."

Mastura alicheka, akaziba mdomo kwa ncha ya ile kanga iliyobaki. Bwana Uweso hakucheka. Aliniangalia kama ninayeingiza mzigo bandarini bila karatasi.

Sijafika kwangu, harufu ikanifuata. Alikuwa amewasha makaa kwenye chetezo, akatia udi, akatia ubani, akatia na shabu ya kuvunja husuda, akakiweka chini ya tundu. Kisha akafunika vyote kwa kanga, pande zote nne, ili baraka isipotee. Asubuhi Katibu alikutwa chini ya tundu, miguu juu.

Kifo cha Katibu kilitangazwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, pamoja na picha ya marehemu. Watu ishirini na mmoja waliweka mikono ya dua. Chini ya picha Bwana Uweso aliandika: "Jana alikuwa mzima, mpaka alipotazamwa." Hakunitaja. Hakuwa na haja, maana mtaa wetu unajua kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Kwa kuwa jicho lilikuwa limeingia nyumbani, dawa ikaongezwa. Sasa chetezo kiliwashwa asubuhi na jioni, na kanga juu yake. Siku ya tatu akafa Meneja. Siku ya tano Mhasibu. Kila akifa mmoja, udi uliongezwa. Kila udi ukiongezwa, akafa mwingine. Na kila mmoja akifa, watu walinitazama mimi. Nilikuwa nikienda dukani kununua uzi, akina mama wanageuza nyuso za watoto wao upande wa ukuta.

Ningecheka, na mwanzo nilicheka kweli. Lakini mshonaji wa maharusi anauza vitu viwili tu, mkono wake na jina lake. Gauni la bibi harusi ndiyo nguo ambayo kila jicho la mji litaishukia siku moja. Hakuna mama atakayemruhusu mwenye husuda atie humo hata sindano moja. Wa kwanza alikuja kuchukua kitambaa chake akasema harusi imeahirishwa. Wa pili akasema binti amenenepa, wasubiri apungue. Wa tatu hakusema kitu, alikichukua tu mezani nilipokuwa uani. Ile harusi iliyoahirishwa nilisikia tarumbeta zake Jumamosi iliyofuata. Ndani ya wiki tatu nilibaki na kazi moja tu ya maana, na nisingeipata kama mwenyewe asingekaa mbali na mtaa wetu.

Huyo ni Bi Mwanamkasi wa Kigombe, mfanyabiashara wa samaki, binamu yake Mastura. Alikuwa anamwoza kitindamimba wake. Gauni, shela, na sare za watu kumi na wanne, vyote kwangu. Maneno ya jicho alishayasikia, akayasonya. "Hayo ni ya wasio na kazi, Hasina," aliniambia. "Mimi nataka mishono iliyonyooka." Kazi ile ingenivusha mwaka, na zaidi ya hapo, Tanga nzima ingeona kwamba kuna bibi harusi aliyevaa mkono wangu na hakudondoka. Nilikuwa naitegemea kama mgonjwa anavyoitegemea drip.

Sababu ya vifo vya kasuku nilielezwa na Anjela. Anjela ni Msambaa, Mlutheri, anateremsha karoti na kabichi kutoka Lushoto na kuzipitisha mitaani kwetu. Mchicha wa kasuku walikuwa wananunua kwake. Kabla ya biashara hiyo aliwahi kufanya kazi za ndani kwa meneja wa shamba moja la mkonge huko Muheza, na meneja huyo alifuga ndege kama hawahawa.

"Dada Hasina," aliniuliza akiwa ameketi kizingitini pangu, "nyumba ile wanachoma nini?"

"Udi. Kutwa mara mbili."

Akapiga makofi ya kustaajabu. "Basi ndio huo. Ndege wale pumzi yao ni ndogo sana, moshi ukiwaingia hautoki. Meneja wangu alikataza hata dawa ya mbu isiwashwe chumba kile. Siku mpishi alipounguza kikaango, wawili walianguka kabla chakula hakijafika mezani. Na hawa wanafunikwa kanga?"

"Pande zote nne."

"Mungu wangu. Wangewachinja tu, wapate kitoweo."

Nilifurahi, sikufichi. Nilidhani ukweli ni kama ufunguo, ukiupata unafungua. Nikavaa buibui, nikaenda kwa Bwana Uweso, nikamwamkia vizuri, nikaacha ulimi wangu nyumbani. Nikamweleza neno kwa neno.

"Moshi?" akasema. "Moshi gani? Sisi tunapikia gesi."

"Moshi wa udi, Bwana Uweso."

"Udi si moshi, Bi Hasina. Udi ni harufu."

"Harufu inayotoka kwenye makaa, ina rangi, na inapanda juu?"

Akavuta kiti karibu, kama karani aliyegundua kosa kwenye fomu. "Hebu nikuulize wewe. Bibi yangu wa Tongoni alifukizwa udi tangu kuzaliwa, akafa na miaka tisini na mbili. Udi unamchukiza nani? Malaika hawachukii udi. Mtu mwema hachukii udi. Ni nani basi anayekuja mlangoni kwa mtu kuomba udi uzimwe?" Akanyamaza kunipa nafasi nijibu mwenyewe, kisha akanisaidia. "Shetani. Na hasidi."

Nilitoka pale nimezidi kuharibika. Kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba Hasina udi unamchoma.

Hapo ulimi wangu ukarudi. Nilimfuata barazani watu wakiwepo, nikamwambia: "Nipe ndege mmoja. Nitamtundika mbele ya cherehani yangu, nimtazame siku saba kwa macho yangu haya mawili. Kama jicho langu linaua, wa kwangu atakufa kabla ya wako." Watu wakaguna kwa hamu. Bwana Uweso hakuweza kukataa mbele ya kadamnasi, ila alinichagulia Mwenyekiti, yule wa njano, ambaye tayari alikuwa mahututi. Manyoya yametutumka, macho nusu yamefumba, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi.

Nilimweka dirishani panapopita upepo. Nikampa ulezi, maji, mchicha wa Anjela, na kipande cha mfupa wa dome ambacho Mastura alinipitishia juu ya ukuta bila neno. Nilimtazama kweli. Nilimtazama nikishona, nikila, nikikuna mguu. Siku ya pili mkia ulitulia. Siku ya tatu aliniuma kidole, nikamshukuru Mungu. Siku ya tano alianza kutafuna karatasi za vipimo vya gauni la Kigombe, na kelele zake nikashindwa hata kusikia redio.

Upande wa pili wa ukuta, Bwana Uweso alikuwa vitani. Kwa kuwa hasidi sasa alikuwa amepata mateka, ilibidi waliobaki walindwe mara tatu zaidi. Chetezo hakikupoa. Mkurugenzi alikufa siku ya nne. Bi Mkubwa alimfuata siku ya sita.

Siku ya saba nilitoka na Mwenyekiti ndani ya kitundu cha kuazima, nimevaa vizuri, nimejitia na wanja, kama mtu anayekwenda kutunzwa. Baraza lilikuwa limejaa. Nikaweka tundu juu ya meza ya bao. Mwenyekiti akapiga kelele za mtu mzima.

"Haya," nikasema. "Wale wawili hawakutazamwa na mimi hata siku moja tangu wiki iliyopita, wamekwisha. Huyu nimemtazama kutwa, huyo hapo. Sasa kipi kinaua, jicho au udi?"

Niliona nyuso zinafikiri. Wallahi nilidhani nimeshinda. Kisha Bwana Uweso akakohoa, akainuka taratibu kama anayekwenda kufunga mkutano.

"Lakini jicho," akasema, "haliui mali ya mwenyewe."

Pumzi za ahueni zikawatoka wote. Naam! Ndiyo maana! Alimtaka tangu mwanzo! Mmoja akasema lisemwalo lipo. Bwana Uweso akanisukumia lile tundu. "Kaa naye, Bi Hasina. Si ndiye uliyekuwa unamtaka? Pengine sasa utaturidhia." Watu wakamsifu kwa ukarimu wake. Nikarudi kwangu na ndege ambaye sikumwomba, na jina la hasidi ambalo sasa lilikuwa na ushahidi.

Wazee wanasema la kuvunda halina ubani. Mimi naongeza kwamba mengine huvundishwa na huo ubani wenyewe.

Ningeishia hapo, nikawaacha na ujinga wao, kama Sabra asingekuja kujifungua. Sabra ni binti yao, ameolewa Korogwe, na kwa kuwa ilikuwa mimba ya kwanza alirudi kwa mama yake kama ilivyo ada, akae hadi arobaini. Alipata mtoto wa kike. Babu alitaka jina la bibi yake wa Tongoni, lakini Sabra ni msichana wa siku hizi, akampa mtoto jina la Queen. Bwana Uweso alinuna siku mbili, siku ya tatu akaanza kujisifu mtaani kwamba ana Malkia.

Na Malkia akahitaji ulinzi. Kibao kilihamishwa kutoka barazani kikatundikwa mlango wa chumba cha mzazi. Dirisha likafungwa, mianya ikazibwa kwa matambara, maana ukuta ule ndio unaopakana na kwangu. Chetezo ambacho kilikuwa kimekosa kazi kikapata kazi. Asubuhi, adhuhuri, magharibi. Mtoto mwenye siku tisa.

Ukuta wetu ni wa tofali moja, hauzuii kitu. Kwanza nilisikia chafya. Siku chache baadaye kikohozi, kikohozi kidogo cha kitu kidogo, kisichokuwa na nguvu hata ya kujikohoa. Kisha ikaja ile sauti ya kukoroma kwenye kila pumzi. Walimpeleka kliniki. Muuguzi akauliza vizuri kabisa: "Nyumbani mnapikia mkaa? Mtoto anakaa kwenye moshi?" Wakajibu hapana. Wala hawakusema uongo. Udi si moshi, udi ni harufu. Wakapewa dawa ya maji, wakarudi, wakashukuru, wakawasha chetezo.

Nilimvizia Mastura uani akianika nepi.

"Mastura, wewe uliwaona wale kasuku. Uliiona mikia yao."

Alibaki ameshika kibanio cha nguo. Alinitazama kwa muda mrefu kiasi nikadhani leo atasema kitu. Kisha akasema, "Usimtaje mtoto pamoja na kasuku, shoga. Utamwitia mabaya." Akaingia ndani. Nilisikia komeo.

Anjela alipita na kabichi zake, akasimama dirishani pangu, akasikiliza ukuta. Uso ukambadilika. "Huyo mtoto angekuwa na mkia," akasema, "sasa hivi ungekuwa unapanda na kushuka."

Niseme lililokuwa moyoni mwangu? Nilikuwa na hasira nao kiasi kwamba kulikuwa na dakika, dakika kamili, niliyowaza: waache wavune. Watajua. Nikaliwaza hilo huku nikimsikia mtoto wa watu akitafuta hewa. Sijawahi kujiogopa kama dakika ile, na kama ni kijicho, basi hicho ndicho pekee nilichowahi kuwa nacho.

Asubuhi ya siku iliyofuata Bi Mwanamkasi alifika kutoka Kigombe. Alipitia kwangu kwanza, akalishika gauni la bintiye lililokuwa limekatwa na kuunganishwa nusu, akapitisha kidole kwenye mishono. "Hii ndiyo kazi," akasema, na mimi nikahisi nimesimama tena kwa miguu yangu. Kisha akaenda jirani kumwona mjukuu wa binamu yake. Nikarudi kwenye cherehani. Nikasikia udi unatiwa makaani, ile tss yake. Nikasikia mtoto akikohoa mara moja, mara mbili. Halafu sikusikia kitu.

Nikainuka.

Sikupiga hodi. Chumba kilikuwa cheupe kwa hiyo harufu yao, macho yakaniwasha mlangoni. Sabra alikuwa kitandani amemkumbatia mtoto. Mastura alikuwa juu ya kigoda akipepea makaa. Bi Mwanamkasi amesimama karibu na mlango na mtandio puani. Bwana Uweso amechuchumaa mbele ya chetezo, kipande cha udi mkononi. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kupata rangi ya zambarau.

"Toka!" Bwana Uweso akaruka. "Toka, mwanamke wewe! Hukutosheka na ndege?"

Ukweli nilishawaambia mlangoni kwao, nikawaambia barazani, nikawaambia uani kwenye kamba ya nguo. Nilikuwa na dakika chache, na ukweli ulishawapa wiki saba. Nikaketi chini mbele ya chetezo. Nikainamisha uso juu yake, nikavuta ule moshi hadi kifua kikataka kupasuka, na machozi yakinitoka nikatabasamu.

"Ahsante, Bwana Uweso," nikasema. "Umenilisha vizuri."

"Nini?"

"Mlidhani udi unanifukuza? Udi ndio njia yangu. Kila mkiwasha, mimi kule kwangu nafunguka. Harufu ikipenya ukutani, naona hadi ndani ya tundu. Ndani ya kitanda. Mbona Mwenyekiti hakufa? Kwangu hakuna udi. Bila udi, jicho langu ni la kutungia uzi tu."

Sikuapa, Mungu ni shahidi wangu. Nilisema tu.

Na waliamini! Hawakuuliza swali hata moja. Yule aliyekataa maneno ya Anjela, aliyekataa ndege mzima anayepiga kelele mezani, aliyetaka ushahidi wa kila kitu kwa miaka thelathini na miwili ya mihuri, aliamini uongo wangu kabla sijaumaliza. Alikipiga teke chetezo, makaa yakasambaa, akayakanyaga kwa kandambili. Alirarua matambara dirishani kwa mikono yake. Mastura alikimbia na udi wote wa nyumba, na mkebe wake, akautupa chooni. Sabra alitoka mbio na mtoto hadi uani, mguu mtupu, huku akinipiga kumbo begani, na pale kwenye upepo nikamsikia Queen akitafuta pumzi, akaipata, akalia.

Walimpeleka hospitali na teksi. Akawekewa mashine ya kupumulia, akalazwa siku nne. Aliporudi, nyumba ile haikuwa na hata kijiti cha kufukizia. Madirisha wazi, mapazia yakipepea. Mtaa mzima ukafuata, maana nani angependa kumfungulia Hasina njia? Kwa mwezi mzima Nguvumali haikunuka udi hata Alhamisi jioni ya kuamkia Ijumaa, na vikohozi visivyoisha vya watoto kadhaa vikaisha. Hilo walisema ni baraka ya kunigundua.

Bi Mwanamkasi alinitazama tu siku ile pale mlangoni, na niliona mtu mwenye akili akikunja akili yake na kuiweka mfukoni. Kesho yake hakuja mwenyewe. Alituma bodaboda kuchukua vitambaa vyote, pamoja na lile gauni nusu. Kijana wa bodaboda alivipokea kwa ncha za vidole. Sasa nashona foronya na mifuko ya sokoni, vitu ambavyo havihitaji mtu kupendeza.

Siku ya arobaini Sabra alipita mbele ya dirisha langu akirudi kwa mumewe. Alipofika usawa wangu alimfunika mtoto uso kwa kanga na kuongeza mwendo. Queen hakupenda. Alipiga yowe ndani ya kanga ile, yowe refu la kifua kizima, nikalisikia hadi walipokata kona ya msikiti. Niliendelea kushona. Uzi ulinikatikia mara mbili.

Alasiri hiyo Mastura alikuja. Hakupita mbele, alipita uani. Aliketi jikoni kwangu, nikamwekea chai, akaizungusha kikombeni muda mrefu.

"Nilijua, shoga," akasema. "Tangu kasuku wa pili. Mimi ndiye niliyekuwa nafagia chini ya tundu."

"Basi waambie, Mastura. Waambie watu. Jambo limekwisha, mtoto mzima. Neno moja lako linanirudishia jina langu."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa kitu kisichowezekana, si kwa ubaya, ila kwa masikitiko kabisa.

"Nitawaambiaje?" akasema. "Sabra ataniuliza ni nani aliyekuwa anamletea babake makaa."

Alimaliza chai yake. Akaosha kikombe mwenyewe, akakifunika kwenye chano, akachungulia njia kama kuna mtu, kisha akatoka kwa mlango wa uani.